Mwenye Shamba, Mwenye Duara na "Mvamizi": Uhakiki wa Lugha ya Haki ya Madini Mkoani Singida

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kijerumani ulitengeneza mjini Tabora sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, Iramba. Sarafu hiyo ina nafasi katika historia ya madini nchini. Wenyeji ambao ardhi yao ilitoa dhahabu hiyo hutajwa kwa nadra. Ukimya huo umerithiwa na istilahi zinazotumika hadi leo.

Kisheria, shamba moja lina matabaka mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hakimiliki ya kimila juu ya ardhi, ilhali Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayaweka madini yaliyo chini yake mikononi mwa Jamhuri, chini ya dhamana ya Rais. Haitakuwa haki kudai kwamba mwenyeji amesahauliwa, kwa kuwa sheria inampa fidia. Kasoro ni kwamba inamtambua kama mtu wa kulipwa aondoke, si kama mtu mwenye sauti kuhusu uchimbaji wenyewe.

Lugha ya machimboni ni pana zaidi. Rashi inapotokea, wachimbaji humtofautisha mwenye shamba, mwenye duara na mwenye leseni, na kwa desturi mwenye shamba hupata mgawo wa mifuko ya mawe. Utaratibu huo una dhuluma zake, lakini unakiri jambo moja: aliyerithi ardhi ni mshiriki wa uchimbaji. Lugha rasmi humkata mtu huyo vipande viwili. Akilima, ni mmiliki; akichimba shamba lilelile bila leseni, ni "mvamizi". Mzaliwa wa Ikungi anayechimba katika ardhi ya babu yake hupewa jina moja na aliyewasili jana. Hata "mchimbaji mdogo", istilahi inayokusudiwa kupima mtaji, hubeba maana ya kawaida ya udogo wa hadhi. Kuondolewa kwa wachimbaji wadogo Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 1996 kunaonyesha uzito wa majina haya: anayeitwa mvamizi huanza kujitetea akiwa tayari ameshindwa, kwani hakuna anayevamia kwao.

Hata hivyo, hoja ya ardhi ya mababu haipaswi kupokelewa bila kuhojiwa. Machimbo hukusanya watu kutoka mikoa mingi, na dai la uasili linaweza kuwabagua wageni walioyatolea jasho maduara hayo. Vilevile, desturi haimlindi mtu dhidi ya zebaki wala kuporomoka kwa duara. Usimamizi wa leseni unahitajika. Kinachopingwa hapa ni leseni kufanywa kipimo pekee cha nani ni wa mahali hapo.

Suala hili si la zamani. Mgodi mkubwa wa Mang'onyi, wilayani Ikungi, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2023, na tafiti kuhusu eneo hilo zitaongezeka. Mtafiti anayenakili neno "wavamizi" kutoka katika taarifa za kiutawala bila kulihoji amekwisha kuchagua upande kabla ya kukusanya data. Wajibu wa kwanza wa uchambuzi ni kuuliza nani alimpa mtu huyo jina hilo, lini, na kwa faida ya nani.