Konde Linalopiga Hodi

Bald Bull, yule bondia wa Uturuki mwenye kipara, hurudi nyuma hadi kwenye kamba, akainama, kisha akakujia akirukaruka. Ukimwacha afike, umelala chini. Ukirusha ngumi mapema umelala, ukichelewa umelala vilevile. Ila ipo nukta moja tu, fupi mno, ambapo konde la tumboni humwangusha yeye papo hapo, tena konde moja. Punch-Out!! ya Nintendo ilitoka mwaka 1987, nami mpaka leo kila nikifika kwa Bald Bull huacha kuegemea kiti.

Huku Likoni, Mombasa, vibanda vya gemu ni vya mpira. Toka Shika Adabu mpaka Mtongwe, ukisikia mayowe nyuma ya pazia, jua kuna mtu kafungwa bao. Ni raha yao na ina haki yake. Mimi yangu ni ndondi hizi za zamani: nazicheza kwenye simu nikingoja feri, na nikipata nafasi nazicheza kwa fundi mmoja wa redio ambaye hajaitupa televisheni yake ya kichogo. Vijana huniuliza nafaidi nini na mchezo wenye wapinzani kumi na mmoja, wote nawajua kwa majina na tabia. Lakini sirudi kutafuta nani atashinda. Narudi kuitazama kazi ya mikono ya waliouunda.

Na kazi yenyewe ni hii: humu hamna konde lisilopiga hodi. Von Kaiser hutikisa kichwa kwanza. Piston Honda huchezesha nyusi. Great Tiger ana kito kwenye kilemba, nacho humetameta kabla mkono haujatoka. King Hippo, lile pandikizi la mtu, hufunua kinywa. Ukimpiga mle mdomoni bukta yake huporomoka, naye akihangaika kuipandisha unamwingia tumboni, pale palipobandikwa plasta. Akianguka haamki tena. Hakuna bahati nasibu ya kukuonea. Ukipigwa, ni kwa sababu hukutazama, au ulitazama ukafanya pupa. Pupa ndiyo imewekewa adhabu nzuri kuliko zote: ngumi zako zikikingwa, mioyo unayohesabiwa pembeni hupungua, na ikiisha, bondia wako Little Mac hugeuka rangi ya waridi, mikono ikamlegea, asiweze kurusha hata moja. Hapo huna la kufanya ila kukwepa, na kukwepa tena, mpaka pumzi zimrudie. Sijaona mchezo mwingine unaomfunza mtu subira kwa ukali na kwa haki namna hiyo.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Genyo Takeda, na mabondia wa toleo la nyumbani walichorwa na Makoto Wada. Toleo la kwanza lilikuwa la kumbi za michezo, mwaka 1984, katika kabati kubwa lenye skrini mbili, moja juu ya nyingine. Mle bondia wako alichorwa kwa mistari mitupu ya kijani, ili umwone mpinzani kupitia mwilini mwake. Mashine ndogo ya nyumbani haikuyaweza hayo. Mafundi wakafanya nini? Wakampunguza kimo. Little Mac akawa kijana mfupi wa miaka 17 kutoka Bronx, anayewafikia majitu kitovuni, na nafasi iliyo juu ya kichwa chake ikabaki wazi kwa ajili ya uso wa mpinzani. Kisa kizima cha mdogo kupambana na wakubwa, ambacho ndicho kinachotufanya tumpende, kilizaliwa na ufinyu wa mashine. Hata kaseti yenyewe ilibidi itiwe chipu ya kipekee, MMC2, ili miili mikubwa namna ile iweze kuchorwa na kusogea. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mtunzi wa utenzi hupewa mizani nane kwa kila kipande, na ni mle mle kwenye nane ndimo anamopatia ufundi.

Kuna siri moja iliyonifanya niuanze mchezo huu upya kabisa. Mwaka 2009, miaka 22 baada ya kutoka, watengenezaji walisimulia kwamba Bald Bull anapokuja na mbio zile, katika umati wa watazamaji kuna kamera inayomulika. Mwanga ukiwaka, piga. Hodi ya pili, iliyowekwa mahali ambapo hakuna anayetazama! Walioifuma walikaa kimya, wakaridhika kwamba ipo. Leo natazama umati wote, uso kwa uso, na umati ule umekuwa hai.

Mike Tyson, aliyekuwa mpinzani wa mwisho, aliondolewa mwaka 1990 na mahali pake pakashikwa na Mr. Dream. Kwa mwendo ni yule yule: kwa sekunde 90 za mwanzo, ngumi yake moja ya kidevu inatosha kukulaza. Kwa hiyo nasisitiza televisheni ya kichogo. Skrini bapa nyingi huchelewesha picha kidogo, na mchezo uliojengwa juu ya haki ukicheleweshwa unakuwa dhuluma.

Ila mchezo huu una doa. Mataifa humu yamechorwa kwa dhihaka: Mrusi Soda Popinski, kabla hajabadilishwa jina, aliitwa Vodka Drunkenski. Na Mwafrika hayumo hata mmoja. Mwaka mmoja tu baada ya mchezo kutoka, kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Mkenya Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akarejea Kenya na dhahabu. Miaka 20 kabla yake, Mexico, Philip Waruinge alipata shaba lakini akapewa kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuwapita wote wa michezo ile. Nawataka vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu waanzie hapo: wamchore bondia wa Changamwe, mrefu, mwenye dharau kidogo, na waamue kwanza kabla ya yote ni kiungo gani cha mwili wake kitakachopiga hodi. Mimi ningechagua kisigino cha kushoto.