Kutoboa Chombo kwa Adabu

Mtu wa pwani hafundishwi kuogopa tundu. Fundi wa jahazi hushinda akisindilia pamba yenye mafuta kwenye miunganiko ya mbao ili maji yakose pa kupenya, na sifa yake yote imo humo. Kwa hiyo ukimwona mtu ameweka kayaki mpya juu ya farasi wa mbao, nzima, haijawahi kuonja chumvi, kisha akaitoboa kwa drili, moyo unaruka. Ukikaa ukamtazama hadi mwisho, hata hivyo, utakuta kwamba anaogopa tundu kuliko wewe. Hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Shida ya kayaki ni mikono. Kwenye ngalawa tanga ndilo linalofanya kazi ya kwenda, na mvuvi anaweza kukaa na mshipi kidoleni akisikiliza samaki. Kasia la kayaki lina bapa mbili na linataka mikono yote miwili, kulia na kushoto, bila kupumzika. Anayetaka kukokota chambo huku akipiga kasia hana budi kutafuta mahali pa kusimamisha fimbo ya kuvulia. Mahali penyewe ni kishikio, bomba fupi la plastiki au chuma linalofungwa kwenye sitaha. Kukinunua ni jambo la dakika moja. Kukifunga kisitikisike na kisivujishe ndiko kunakotaka mtu mwenye subira.

Wainuit wa Greenland, ambao kwao kayaki ilikuwa chombo cha kuwindia sili, walilijua jambo hili zamani. Chusa lilikaa juu ya sitaha, limebanwa chini ya mikanda ya ngozi, na mbele ya mwindaji palikuwa na kimeza kidogo cha miguu kilichobeba kamba ya chusa ikiwa imekunjwa tayari kufyatuka. Mikanda hiyo ilipitishwa kwenye mbao za kando, mahali penye mfupa wa kutosha kubeba mzigo. Ngozi tupu ya sitaha haikupewa kazi ya kushikilia kitu. Naona mafundi wa leo wanaofanya kazi nzuri wanafuata kanuni hiyohiyo, wajue wasijue.

Kayaki ya kuvulia ya leo ni ndugu wa mbali wa ile. Mwaka 1971, huko Malibu, California, Tim Niemier alitengeneza kayaki ambayo mtu huikalia kwa juu badala ya kuingia ndani yake, na mtindo huo ndio uliowavuta wavuvi. Nyingi hutengenezwa kwa poliethilini. Unga wa plastiki humwagwa ndani ya kalibu, kalibu ikaingizwa kwenye tanuri huku ikizungushwa pande zote, unga ukayeyuka na kuganda ukutani. Linalotoka ni gamba moja tupu lisilo na kiungo. Ni jambo la kupendeza, ila lina hila yake. Unene wa gamba haulingani kila mahali, mara nyingi ni milimita chache tu, na nyuma yake hakuna ubavu wala mbao. Ni hewa tupu.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi na drili. Anaanza kwa kukaa. Anamketisha mwenye kayaki kwenye kiti chake, ampe kasia, amwambie apige hewani kama yuko majini, kwa nguvu, kama anakimbia upepo. Anatazama vidole vya mkono wa chini vinapita wapi. Kisha anamwambia ageuke nyuma kuchukua fimbo, bila kujinyoosha, kwa sababu anayejinyoosha kwenye kayaki hupinduka. Alama ya penseli inawekwa, inafutwa, inasogezwa kwa upana wa kidole. Fimbo isikutane na kasia. Iinamie nje na nyuma kidogo, ili fimbo zikiwa mbili mishipi yake isisokotane. Nimeona kazi hii ikichukua muda mrefu kuliko kutoboa na kufunga kwa pamoja, na sijaona muda uliotumika vizuri zaidi ya huo.

Halafu anapenyeza mkono ndani kupitia kifuniko cha sitaha, na tochi ikibidi. Je, nati itafikika? Pana kipande cha povu, au kamba ya usukani inayopita? Mahali pazuri kwa juu panaweza kuwa pabaya kwa ndani, na ikiwa hivyo alama inahama tena.

Sababu ya uangalifu huu iko kwenye hesabu ndogo ambayo wauzaji wa vishikio hawaandiki kwenye pakiti. Chukua fimbo ya mita 2, na samaki anayevuta nchani kwa nguvu ya kilo 5. Kama bolti za mbele na za nyuma zimeachana sentimita 5, wenzo huo unazing'oa za upande mmoja kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Kweli fimbo hupinda na kuufupisha wenzo, na gurudumu la mshipi likilegezwa vizuri huachia. Kata hesabu hiyo nusu, ukitaka uikate tena. Bado imebaki nguvu ambayo skrubu ya kawaida, iliyong'ata milimita 5 za plastiki laini, haiwezi kuihimili siku nguru au kolekole mkubwa anaposhika.

Kwa hiyo bolti inapita moja kwa moja hadi ndani, na ndani inakutana na kibao. Kibao hiki ndicho ninachokistaajabia kuliko vyote, na hakuna atakayekiona. Wengine hukata kipande cha aluminiamu. Wengine hukata kibao cha plastiki cha jikoni, kile cha kukatia nyanya, ambacho mara nyingi ni poliethilini vilevile, hakiozi wala hakishiki kutu. Fundi anakizungushia pembe kwa tupa ili zisichimbe gamba, na anakifanya kipana kuliko kitako cha kishikio. Mvuto uliokuwa uishie kwenye matundu manne sasa unagawanywa kwenye eneo la kiganja kizima. Juu yake washa pana, juu ya washa nati yenye pete ya nailoni isiyolegea kwa mtikisiko.

Pale mkono usipofika, kuna ribiti ambazo mkia wake hupasuka miguu mitatu na kukumbatia gamba kwa ndani, na kuna nati za mpira zinazovimba zikikazwa. Za mpira zinafaa kwa taa au kidude cha kupimia kina. Kwa fimbo, mimi sizipi imani hiyo.

Kutoboa kwenyewe ni kwa mwendo wa polepole, maana poliethilini ikipata joto huyeyuka na kujikunja kwenye ncha ya drili. Ukingo wa tundu unasafishwa kwa kisu mpaka kidole kisikwaruzike. Tundu linaachwa kubwa kidogo kuliko bolti, kwa kuwa plastiki hii hutanuka sana. Kayaki ya mita 4 iliyotoka kivulini ikaanikwa juani inaweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 1, na tundu lililobana huanza ufa. Ufa ukianza, haujui pa kusimama.

Kuhusu gundi, wengi hudanganyika. Poliethilini haishikani na silikoni, na gundi nyingi hubanduka juu yake kama ngozi ya ndizi. Fundi anayejua haitegemei ishike. Anaitumia kama zulia la kubanwa kati ya kitako na sitaha: anakaza kwa vidole tu, anaacha ikauke, kisha siku ya pili anakaza kwa spana ya mkono, robo kwa robo, akipokezana pembe. Wapo wanaopendelea utepe wa butili, ambao hubaki laini miaka na kufuata plastiki inapotanuka. Nami niko upande wao.

Bolti ni za chuma cha pua cha daraja la 316, lenye molibdenamu ya kupambana na chumvi. Hata hizo zina kiburi chao. Ukizikaza kwa drili ya kasi, nati na bolti za chuma hicho hung'ang'aniana ghafla na hazifunguki tena mpaka zikatwe. Tone la grisi na mkono wa taratibu vinatosha. Na zikigusa aluminiamu kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayolika, kwa hiyo anayetumia kibao cha aluminiamu atenganishe viwili hivyo kwa plastiki.

Mwisho fundi anashika fimbo yenyewe, anaisukuma na kuivuta huku akitazama sitaha. Kishikio kisicheze, na sitaha isibonyee. Anamwagia maji kwa mpira, anamulika ndani kutafuta unyevu. Halafu anafunga kamba fupi kati ya fimbo na kayaki, kwa kuwa chombo kikipinduka, kishikio bora duniani hakizuii fimbo kuteleza.

Ukienda kununua kayaki ya kuvulia iliyotumika, usidanganywe na wingi wa vishikio juu. Fungua kifuniko, ingiza mkono, upapase chini ya kila kimoja. Ukikuta ncha za skrubu zimetokeza uchi, punguza bei au ondoka. Ukikuta kibao, washa na nati zilizokaa sawa, lipa.