Sindano Inapokwenda Polepole

Fundo la Kifaransa ni dogo kama punje ya mtama, na ndilo lililonifanya niwaheshimu watu wanaofundisha kudarizi bure mtandaoni. Kwenye kioo cha simu huonekana vidole, sindano na kitambaa cheupe kilichokazwa kwenye fremu ya mviringo. Sindano inachomoza kutoka chini. Mkono wa kushoto unauzungusha uzi kwenye sindano mara mbili, kisha ncha inarudi kwenye kitambaa, lakini si katika tundu ilikotokea. Inaingia pembeni kidogo, upana wa uzi mmoja tu wa kitambaa. Ikirudi tundu lile lile, fundo lote linazama upande wa pili. Kabla sindano haijapitishwa, uzi unavutwa mpaka ile mizunguko miwili iteremke na kulala juu ya kitambaa. Hapo ndipo sindano inapozamishwa taratibu, na kidole gumba hakiuachii uzi mpaka uwe karibu kwisha.

Mdarizi mzoefu hulimaliza fundo hilo kabla hujapepesa macho mara mbili. Ukikaa mbele yake unaona mikono iliyogeuka, kulia kwake kushoto kwako, na ukimwomba arudie, atarudia kwa kasi ile ile, kwa sababu mkono wake haujui tena kwenda vingine. Kamera ikiwekwa juu ya bega lake, unaiona kazi kama anavyoiona yeye. Lakini hilo la kamera ni jepesi. Zito ni kwamba mwalimu amekubali kuurudisha mkono wake kwenye mwendo wa mwanafunzi, akazitafuta hatua ambazo vidole vyake vilikwisha kuzisahau, akazipanga moja baada ya nyingine bila kuruka hata ile inayoonekana haina maana. Mary Corbet wa Kansas, Marekani, amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwenye tovuti yake ya Needle 'n Thread. Video zake nyingi ni fupi, na kila moja inashughulika na mshono mmoja tu. Ninavyoona mimi, huo ndio ufundishaji: kuchukua jambo dogo na kukaa nalo mpaka liishe.

Chukua mshono wa shina, ule unaotumiwa kuchora vikonyo vya maua na herufi za majina. Unashona kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mshono unaanzia katikati ya uliotangulia. Siri yake iko mahali uzi unapolala wakati sindano inaingia. Ukiuweka chini ya mstari kila mara, mstari unatoka umesokotwa kama kamba. Ukiuweka juu kila mara, unapata mstari mwembamba, laini zaidi, ambao wadarizi wanauhesabu kuwa mshono mwingine kabisa. Ukichanganya, mara juu mara chini, kamba inakatika na jicho linaona kasoro hata kama mwenye jicho hajui jina la mshono. Kitabu kinaweza kulieleza hilo kwa mchoro na mishale, nawe ukalisoma mara kadhaa bila kuliona. Video ikilionyesha mara moja, basi.

Uingereza kuna shule iitwayo Royal School of Needlework, iliyoanzishwa mwaka 1872 kwa lengo la kuufufua ufundi huu na kuwapatia wanawake kazi ya heshima. Wadarizi wake ndio walioitia nakshi ya dhahabu joho alilovaa Malkia Elizabeth wa Pili siku ya kutawazwa mwaka 1953: watu 12, aina 18 za uzi wa dhahabu, na zaidi ya saa 3,500 za kazi. Mwaka 2011 walishona lesi ya gauni la harusi la Catherine Middleton. Walinawa mikono kila baada ya nusu saa ili uzi usichafuke, na sindano zilibadilishwa kila baada ya saa tatu ili zibaki kali. Shule hiyo hiyo ilifungua mtandaoni mwaka 2021 hazina iitwayo Stitch Bank, yenye lengo la kuhifadhi mishono ya dunia nzima, na kuisoma ni bure. Mishono imeelezwa kwa video, kwa picha na kwa michoro. Kwa sisi tunaohesabu bando, picha na michoro ni msaada mkubwa: ukurasa ukishafunguka, unaweza kukaa nao jioni nzima.

Yapo mambo ambayo simu haiyatoi. Haikuambii uzi ukazwe kiasi gani. Ukikaza mno kitambaa kinakunjamana, ukilegeza mno ua linavimba, na kipimo hicho kinakaa vidoleni tu. Ila walimu wazuri hutaja hata madogo yanayoulinda mkono wa mwanafunzi. Uzi wa pamba wa kudarizi huwa na nyuzi sita ndogo ndani yake: zitoe moja moja, kisha uziunganishe idadi unayotaka, nazo zitalala vizuri kuliko ukizichomoa kwa pamoja. Kata kipande cha kama sentimita 45, kwa kuwa uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi zaidi, ukachakaa na kutoa manyoya kabla haujaisha.

Nikitazama hayo yote, mawazo yananipeleka Lamu na Unguja, kwenye kofia za vito na kofia za kiua. Vile vitundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja kikiwa kimetobolewa na kuzungushiwa uzi ukingo wake kwa mkono, ni kazi inayoweza kula wiki na hata miezi kwa kofia moja. Si ufundi mdogo mbele ya joho la malkia yeyote, na unastahili kuonyeshwa hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, kwa majina ambayo washonaji wenyewe wanayatumia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko bibi, mama au mjomba anayeshona kofia, mwombe ruhusa. Weka simu juu ya bega lake mahali penye mwanga wa dirisha, umwombe ashone kitundu kimoja tu, polepole, huku akisema anachokifanya. Akikubali watu wengine waone, iweke mtandaoni bure, kama wale wengine walivyotuwekea sisi.