Kabla Hujapiga Upya

Karibu kila mtaa una mtu anayejua "kupiga Windows". Mpelekee kompyuta iliyojaa virusi, iliyokuwa nzito, au iliyogoma kuwaka kabisa. Dawa yake ni ileile. Anafuta kila kitu, anapiga upya, na jioni unapita kuichukua. Mara nyingi mashine hupona. Ila ukimuuliza ilikuwa inaumwa nini, hana jibu, wala kazi yake haikumdai awe nalo. Mazoea hayo yamewafuata wengi hata walipohamia Linux. Usakinishaji ukikwama njiani, au ukakamilika salama kisha kompyuta ikakataa kuamka, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kuanza upya. Ufundi ninaotaka kuusifu huanzia pale mtu anapoukataa ushauri huo, japo kwa jioni moja, ili ajue kwanza kilichotokea.

Kioo cheusi hutisha kwa sababu kinaonekana hakina habari yoyote. Kumbe kati ya kubonyeza kitufe na kuulizwa nywila kuna kazi nyingi zinazopokezana. Programu iliyomo kwenye ubao mama huamka kwanza, ikakagua RAM na kibodi, ikatafuta diski. Humkabidhi zamu mwenzake mdogo anayekaa kwenye diski, ambaye kazi yake ni kuitafuta kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kuipandisha kwenye RAM pamoja na kifurushi cha draiva za lazima. Kerneli nayo huitafuta patisheni yenye mfumo wenyewe, kisha huanzisha programu ya kwanza, ile inayopewa namba 1, ambayo huwaamsha wengine wote. Ni kama vibarua wanaomwaga zege la ghorofa kwa mkono: karai hutoka chini na kupita mkono kwa mkono mpaka juu. Karai lisipofika, hakuna haja ya kulilaumu jengo zima. Mtafute aliyelishika mwisho.

Programu iliyolielewa jambo hili vizuri ilikuwa LILO, ya Werner Almesberger, iliyoiamsha Linux kwenye kompyuta nyingi za miaka ya 1990. Ilikuwa na tabia ambayo mafundi wa zamani hawajaisahau: iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa ripoti. Kioo kikibaki kitupu, hakuna kipande chake kilichopanda. Ikitokea L ikifuatiwa na namba, kipande cha kwanza kimeanza kazi lakini kimeshindwa kukileta cha pili. LI ilimaanisha kipande cha pili kimefika, ila hakikuweza kuanza. LIL ilimaanisha kimeanza, ila kimeshindwa kulisoma jedwali lake. Herufi zikitimia nne, LILO imemaliza zamu yake na kosa litafutwe mbele. Na yote hayo yalifanyika penye ufinyu wa ajabu. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512; ukitoa 64 za jedwali la patisheni na 2 za alama ya mwisho, hubaki 446 kwa ajili ya maelekezo. Katika nafasi hiyo ndogo, aliyeiandika aliona ni lazima pawepo pa kusema kazi imefika wapi.

Ripoti hizo zilikuwa na faida kubwa, kwa maana zama zile zilikuwa na kosa moja lililowatesa wengi. BIOS za wakati huo, yaani zile programu za ubao mama, ziliihesabu diski kwa silinda, na namba ya silinda ilitengewa biti 10, hivyo hesabu iliishia silinda 1024. Kwa mpangilio mpana kuliko yote, hiyo ilikuwa takriban gigabaiti 8. Diski zilipokua kupita hapo, watu wakaona mauzauza: Linux inasakinishwa vizuri, inaamka kila asubuhi, halafu siku moja baada ya kusasisha kerneli inagoma. Hakuna kilichoharibika. Kerneli mpya ilikuwa imeandikwa mbali kwenye diski, ng'ambo ya silinda ya 1024, mahali ambapo BIOS haikuweza kufika. Aliyefuta na kupiga upya alipona, kwa kuwa kwenye diski tupu kerneli ilipata nafasi mwanzoni. Akasasisha tena, ikagoma tena. Aliyekielewa chanzo alitenga patisheni ndogo mwanzoni mwa diski, akaiweka kerneli humo peke yake, na maradhi yakamwisha. Wawili hao walianza na kioo kilekile. Mmoja alibaki anatibu kila mwezi, mwingine alitibu mara moja.

Siku hizi mahali pa LILO pameshikwa na GRUB, nayo ikikwama husema zaidi. Maneno "grub rescue" yakitokea juu ya kioo cheusi, wengi hudhani diski imekufa. Maana yake ni ndogo kuliko hivyo: GRUB imeamka salama, lakini haioni folda yenye vipande vyake vingine, aghalabu kwa sababu mtu amefuta au amegawa upya patisheni na namba zikahama. Amri ya ls itakuorodheshea diski na patisheni zote. Unazichungulia moja moja mpaka uikute yenye folda ya boot, unaielekeza GRUB huko kwa mistari michache, na menyu inarudi. Mfumo ukishaamka, unaiandika GRUB upya ili marekebisho yadumu. Picha za harusi na hesabu za duka zilizokuwa kwenye diski hazikuguswa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Linux nyingi za leo huja na nembo ya kupendeza inayozunguka wakati mashine inawaka, na nyuma ya nembo hiyo kerneli inaandika kila inachokifanya. Mambo yakienda sawa, pambo halina ubaya. Yakienda mrama, hilo ndilo la kwanza kuondolewa: kwenye menyu ya GRUB unabonyeza herufi e, unafuta maneno quiet na splash, unaendelea. Maandishi yanamwagika, na unachokitafuta kipo kwenye mistari ya mwisho kabla ya ukimya. Ikiwa yamekatika pale kerneli ilipoanza kuishika kadi ya grafiki, jambo linalotokea kwenye baadhi ya kadi za Nvidia zikitumia draiva huria ya nouveau, neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari uleule huiambia kerneli isijishughulishe na kadi kwa sasa, itumie picha ya kawaida. Ikiwa yamekatika kwa kusema diski yenye kitambulisho fulani haipo, basi kerneli imeamka na haioni nyumba yake. Linganisha kitambulisho hicho na kile diski inachojitambulisha nacho. Maandishi yenyewe ni Kiingereza, na naamini hilo humfaa yule anayekisoma kwa taabu. Yeye huenda herufi kwa herufi, wakati anayekijua sana huruka mstari akidhani ameshauelewa.

Kusoma peke yake hakutoshi. Lazima pia kuwe na nidhamu ya kubadili kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha flashi ya usakinishaji, akageuza mpangilio wa BIOS na kuchomoa RAM moja, yote kwa mkupuo, akifanikiwa atakuwa na mashine inayowaka na maswali matatu. Mwenye nidhamu huanza na lililo rahisi kuthibitishwa. Faili la kusakinishia Ubuntu, mojawapo ya hizo Linux, siku hizi linapita gigabaiti 5, na anayelishusha kwa bando usiku, mtandao ukikatika na kurudi, ana sababu ya kulitilia shaka. Kila faili la namna hiyo hutolewa pamoja na alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, na biti moja tu ikigeuka ndani ya faili, alama yote hubadilika. Kuikagua huchukua dakika chache. Asiyeikagua anaweza kumaliza siku nzima akiituhumu diski isiyo na hatia.

Kisha kuna swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: je, usakinishaji hukwama mahali palepale kila mara, au leo hapa na kesho pale? Ukikwama palepale, elekeza macho kwenye kitu kisichobadilika, yaani faili lililoharibika, sehemu mbovu ya flashi, sehemu mbovu ya diski. Ukikwama ovyo, shuku RAM au joto. Uiache Memtest86+, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha, na ufute vumbi kwenye feni. Swali hili halihitaji kifaa chochote. Linahitaji mtu aliyevumilia kutazama mara ya pili bila kugusa kitu.

Wakati mwingine chanzo hukaa mbali kabisa na dalili. Baadhi ya kompyuta za mtumba huja na betri ya CR2032 iliyokwisha, ile ya duara kama sarafu inayoshika saa mashine ikiwa imezimwa. Betri ikifa, mashine inaamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Usakinishaji unaanza vizuri, diski inagawanywa, mpaka unapofika wakati wa kuchukua vifurushi kwenye intaneti, na hapo kila kitu kinakataliwa: vyeti vya usalama vya seva, kwa saa ya mashine hiyo, bado havijaanza kutumika. Mtu atalaumu mtandao, atabadilisha laini, atanunua bando jingine. Anayesoma ataona maneno yanayosema kitu fulani bado hakijawa halali, atajiuliza halali kwa saa ya nani, na atakwenda kuitazama tarehe.

Haja hii ya kujua chanzo ni mojawapo ya mambo yaliyozizaa programu huria zenyewe. Mnamo 1980 hivi, maabara ya akili unde ya MIT, huko Marekani, ilipewa printa ya leza ya Xerox. Printa ya awali ilikuwa ikikwama karatasi, na Richard Stallman, mwanaprogramu wa maabara hiyo, alikuwa ameirekebisha programu ya printa hiyo iwape taarifa waliokuwa wakisubiri. Mpya ilikwama vilevile, lakini ilikuja bila msimbo wake, na mtu aliyekuwa nao katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alikataa kumpa kwa kuwa alikwishaahidi kutoutoa. Stallman amekisimulia kisa hicho mara nyingi. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima ulio huria. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kerneli ya Linux, iliyokuwa inakosekana, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL iliyotoka kwenye mradi huohuo. Kwa hiyo aliyekwama na usakinishaji Mbeya au Kisumu anashughulika na mfumo uliojengwa na watu waliochoka kunyimwa sababu ya kukwama.

Ndiyo maana Linux huruhusu kitu kinachowashangaza waliozoea mifumo iliyofungwa. Unaweza kuiamsha mashine kwa flashi, ukapachika patisheni ya mfumo uliogoma, na kwa amri ya chroot ukaingia ndani yake kana kwamba umeamka wenyewe. Humo utasoma kumbukumbu zake za mara ya mwisho, utarekebisha faili lenye kosa la herufi moja, utaiandika GRUB upya, kisha utatoka. Hakuna mahali palipoandikwa usiingie.

Sisemi kupiga upya ni dhambi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili mafaili, kupiga upya ndiyo dawa hasa, kwa kuwa chanzo kinajulikana na hakimo tena ndani ya mashine. Lakini diski ambayo vipimo vyake vya SMART vinaonyesha sehemu mbovu zinaongezeka, ukiipigia upya mara kumi utakuwa umeahirisha msiba tu. Tendo ni lilelile. Tofauti ni kwamba wa kwanza ameamua na wa pili amebahatisha.

Nyumbani ndipo shule nzuri ya ufundi huu. Ofisini kompyuta inatakiwa iwe tayari asubuhi, na bosi hataki kusikia habari za silinda. Nyumbani inaweza kubaki mezani imefunuliwa, wenyewe wakilalamika kidogo, mpaka jibu lipatikane. Na jibu lina kipimo chake. Mashine kuwaka si ushahidi wa kutosha. Inaweza kuwa imewaka kwa sababu usiyoijua. Aliyekipata chanzo anaweza kulirudisha kosa kwa makusudi: anaondoa nomodeset, kioo kinazima, anairudisha, kioo kinawaka. Asiyeweza kuliita kosa likaja bado hajalijua.

Akishalijua, aandike kwenye daftari maneno kamili yaliyotokea kwenye kioo, chanzo chake, na namna alivyothibitisha. Mashine ya jirani itakuwa ya kampuni nyingine, yenye diski nyingine na Linux nyingine, na hatua zilizoiponya hii huenda zisiifae ile. Chanzo ndicho kinachohama kutoka mashine hadi mashine, na mwenye kukijua anaweza kuzihudumia za mtaa mzima.