Wanasema «Benz haifwake». Tuichunguze hiyo sentensi



Kila mara mwenzetu mmoja anapata kazi ya kwanza, ao anakamata likelemba, swali linarudi: ninunue Toyota ndogo, ao ninunue Benz ya okazio kwa bei ile ile? Na kila mara kuna mkubwa mmoja atajibu bila kufikiri: «Kamata Benz. Benz haifwake.»

Leo nataka tukosoe ile sentensi, na tukosoe motokari yenyewe, vile tunakosoa kitabu: iliahidi nini, ilitoa nini, na inamudai nini mwenye kuikamata. Nachagua E-Class ya aina W211, iliyotengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2009. Njo ile vijana wengi wanaitamani sasa, juu kwa macho haijazeeka, na bei yake imeanguka.

Kwanza, ile sifa ilitoka wapi? Ilitoka kwa wazee wake, W123 ya miaka ya 1970 na W124 iliyoanza 1984. Zile motokari zilikuwa na bwate otomatiki ya vitesi ine, inayoongozwa na presha ya mafuta, bila kompyuta. Chini ya kapo kulikuwa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate. Unakichomoa, unapanguza, unarudisha, unachomoa tena, unaona: mafuta iko ya kutosha ao imepunguka, iko nyekundu ao imeungua. Dereva mwenyewe aliweza kujua hali ya motokari yake. Sentensi «Benz haifwake» ilizaliwa pale. W211 ilirizi jina. Kile kijiti haikukirizi.

Tuangalie bwate ya vitesi tano, ile inaitwa 722.6, iliyoanza 1996 na ambayo iko ndani ya W211 nyingi. Kwa upande wa chuma, ni kazi ya ajabu. Kampuni iliifunga hata nyuma ya moteri za silinda 12 zenye turbo mbili, juu bwate mpya ya vitesi saba haikuweza kubeba ile nguvu. Basi mtu asikudanganye kwamba ni bwate zaifu. Lakini walipoitoa walisema mafuta yake ni ya maisha yote, hayabadilishwi. Mrija wa kupimia waliufunga kwa kizibo ambacho pini yake inavunjika ukikifungua, na ndani hakuna kijiti: kijiti ni chombo cha garaji. Kisha miaka, kampuni yenyewe ikaingiza kubadilisha mafuta ndani ya ratiba ya matunzo. Lakini mwenye motokari wa kwanza, wa pili na wa tatu walikuwa wameshaamini neno «maisha». Maisha ya nani? Ya bwate, ao ya garantii?

Sasa angalia namna inavyougua. Mahali waya zinaingia ndani ya bwate kuna plagi ya pini 13, yenye vipete vya mpira. Mpira unakauka kwa joto na miaka, mafuta yanaanza kutoka. Yanaweza hata kupanda ndani ya waya, pole pole, mpaka kufika kwenye kompyuta ya bwate. Ndani ya bwate kuna pia plaki ya umeme yenye sensa mbili za mwendo. Sensa moja ikikufa, kompyuta inajilinda: inafunga bwate kwenye vitesi ya pili. Motokari inalia kwa nguvu, inatembea kama mzee mwenye mzigo. Unaizima, unaiwasha, inakuwa sawa. Kesho inarudia.

Hapa njo pesa za vijana zinapotea. Mtu anaambiwa: «Bwate imekufa, tutafute ingine ya okazio.» Wanatoa bwate nzima, wanaweka ingine ya umri ule ule, yenye plagi ile ile iliyokauka. Kumbe ugonjwa ulikuwa plagi ya bei ndogo sana, ao ile plaki, na lita chache za mafuta yenye alama ya kweli. Bwate yenye nguvu ya kubeba silinda 12 inatupwa juu ya kipete cha mpira.

Kuna ugonjwa mwingine mbaya zaidi, kwa zile za mwanzo, mpaka karibu 2003. Mafuta ya bwate yanapozwa ndani ya radiatere, karibu na maji ya moteri. Kwa radiatere fulani za wakati ule, ukuta kati yao unaachilia, maji yenye glikoli yanaingia ndani ya bwate. Dalili yake: ukitembea kwa mwendo wa kawaida, bila kuongeza, motokari inatetemeka kama inapita juu ya mabati. Watu wanakimbilia kubadilisha pineu. Wakati huo glikoli inakula bitambaa vya msuguano ndani ya bwate.

Tuje kwa moteri. E350 iko na moteri ya V6 inayoitwa M272, iliyotoka 2004. Ni tamu, na inavuta vizuri. Lakini moteri ya silinda sita yenye pembe ya digrii 90 inatetemeka kwa asili yake, kwa hiyo waliiwekea shafti ya kusawazisha, inayozungushwa na cheni pamoja na kamu. Kwa zile za miaka ya kwanza, meno ya gia ya ile shafti yanaisha mbele ya wakati. Cheni inapoteza kipimo, taa ya moteri inawaka. Ndugu yake wa V8, M273, iko na shida ya namna ile ile kwenye gia ingine. Gia yenyewe ni kitu kidogo. Lakini kuifikia, kwa kawaida ni kushusha moteri nzima. Kule Marekani wenye motokari waliipeleka kampuni mahakamani juu ya zile gia, na ile kesi iliisha kwa makubaliano. Mwenye kununua ile motokari leo kwetu hayumo ndani ya makubaliano yoyote.

Mtu atasema: kila motokari inazeeka, kwa nini uionee Benz? Jibu langu ni hili. Kuzeeka si kosa. Kosa ambalo naliweka mezani ni kuficha. Kijiti kilitolewa, mafuta yakaitwa ya maisha. Na ndani ya bwate ya vitesi saba, ile 722.9, kompyuta yenyewe iliwekwa ndani ya mafuta ya moto, na imefungwa na mfumo wa kuzuia wizi, hata huwezi kuchukua ya motokari ingine ukaifunga tu. Inaomba kuprogramiwa. Kila hatua iliondoa kitu kimoja katika mikono ya mwenye motokari na ya fundi wa mtaani, ikakipeleka kwa garaji yenye kompyuta ya kampuni. Kule ilikotengenezwa, ile garaji iko karibu. Motokari ikishavuka Kasumbalesa, garaji haikuvuka nayo.

Kwa hiyo tusiwacheke mafundi wetu. Fundi aliyejifunza kwa kusikiliza moteri na kugusa mafuta amepewa mashine iliyotengenezwa isisikilizwe wala isiguswe.

Na sisi pia tukosolewe. Tuko na diploma, tunajua hesabu, lakini hatuipige. Tuseme motokari ilikuwa dola 60 000 ilipotoka kiwandani, leo wanakuuzia 6 000. Bei imegawanyika mara kumi. Piesi zake hazikugawanyika: zinakuja kwa bei ya motokari ya dola 60 000. Unanunua kwa mushahara wa mwanzo, unatunza kwa mushahara wa mkurugenzi. Yule aliyekuuzia alijua ile hesabu, njo maana aliuza.

Je, nasema usinunue? Hapana. Mwili wake ni imara, viti vyake vinapumzisha mgongo, na iliyotunzwa inakwenda kilometa nyingi sana. Nasema ununue kama msomaji, si kama mshabiki. Iwashe ikiwa baridi, si kisha mwenye kuuza kuipasha moto. Itembeze kwa mwendo mmoja, usikilize mutetemeko. Fungua maji ya radiatere ikishapoa, uangalie kama kuna mafuta. Tazama ile plagi ya bwate kama iko inalowa. Omba skanere isome kompyuta, na kama ni E350, linganisha namba ya moteri na zile zinazojulikana kwa ile gia. Uliza lini mafuta ya bwate yalibadilishwa. Wakikujibu «haya ni ya maisha», umeshapata jibu la kutosha. Na kama pesa yote uliyo nayo inaisha siku ya kununua, ile motokari si yako bado.

Benz haifwake, wanasema. Ni kweli kwa namna moja: chuma chake kinadumu kuliko akiba ya mwenyewe. Mbele ya kukamata funguo, jiulize ni nani kati yenu wawili atakufa wa kwanza.