Ubeberu na Mfanyakazi wa Nchi Tajiri: Uhakiki wa Hoja ya Lenin

Neno ubeberu limetokana na beberu, yaani mbuzi dume. Taswira hiyo humwonyesha apigaye pembe na apigwaye. Walakini haimwonyeshi mtu wa tatu: mfanyakazi wa nchi tajiri, asiyelitawala koloni yeye mwenyewe, ila hupata sehemu ya mapato yake. Lenin alimwona. Katika kitabu alichokiandika mwaka 1916, na kwa mkazo zaidi katika dibaji ya mwaka 1920, alidai kwamba faida ya makoloni huwawezesha mabepari kulihonga tabaka la juu la wafanyakazi na kulitenga na mapinduzi.

Je, hoja hiyo yatosha? Tuipime kwa Ubelgiji. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miezi michache baadaye serikali ya Gaston Eyskens ilileta mswada wa kubana matumizi na kuongeza kodi; kupotea kwa koloni kulikuwa miongoni mwa sababu. Kuanzia Desemba mamia ya maelfu ya wafanyakazi waligoma, hasa Wallonia, kwa muda wa majuma matano hivi. Hapa hoja ya Lenin yapungukiwa: hongo ikikatika, mfanyakazi hulikumbuka tabaka lake.

Hata hivyo, Lenin hakukosea kabisa. Kiongozi wa mgomo, André Renard, alidai marekebisho ya uchumi wa nchi yake, na mwaka 1961 akaanzisha harakati za kuidai Wallonia ijitawale ndani ya shirikisho. Shaba ya Katanga na wachimbaji wake hawakuwa kiini cha madai hayo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, mgomo ukingali haujaisha. Si haki kuwalaumu wagomaji kwa kifo kilichotangazwa Februari. Lakini kukamatwa kwake mwezi Desemba kulijulikana ulimwenguni kote.

Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Katika ubeberu, achumaye na alaye si mtu mmoja. Basi tusiwakatie tamaa wafanyakazi wa Ulaya, kwani wameonyesha kwamba huweza kuinuka. Wala tusiwangojee watukomboe. Ujamaa wao una kipimo kimoja kwetu: je, wako tayari kulipia shaba na kobalti bei ya haki, hata mgawo wao ukipungua? Usipovuka kipimo hicho, utakuwa ugomvi wa walao juu ya ukubwa wa kivuli.