Kabati la Mvule, Taa ya Volti 12

Nchini Uganda, Mto Mubuku unaoshuka kutoka Rwenzori unaendesha mitambo mitatu ya umeme. Ule wa Bugoye, ulioanza kazi 2009, una uwezo wa megawati 13. Hata hivyo, kati ya Kasese na Bwera zipo nyumba nyingi zinazotegemea sola na betri. Kwa hiyo seremala aliyeagizwa kabati la vyombo lenye taa ana maswali mawili kabla ya kushika randa: umeme utatoka wapi, na taa ikiungua itatolewaje? Hili la pili hupuuzwa mno. Kabati la mvule hurithiwa na wajukuu, lakini ukanda wa LED na adapta yake hufa mapema zaidi. Kila kifaa cha umeme lazima kiweze kutoka bila kuvunja mbao.

Tuanze na hesabu. Mita 2.5 za ukanda wa wati 9.6 kwa mita zinakula wati 24. Kwa volti 12, hizo ni ampea 2, mara 20 ya mkondo wa wati hizohizo kwenye volti 240. Ndiyo maana waya mwembamba hufifisha taa. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, adapta ikiwa umbali wa mita 3, hupoteza takriban volti 0.4 kwenda na kurudi, wa 1.5 hupoteza 0.14 tu. Adapta nayo isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake: hapa inatosha ya wati 30.

Kwenye sola kuna mtego. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika volti 14.4, na ukanda wa kawaida hauna kinga dhidi ya ongezeko hilo: mkondo wake hukaribia maradufu, ukachemka, ukafa. Weka kidhibiti cha kushikilia volti 12, na fyuzi karibu na betri.

Sasa mbao. Mfuo wa taa huchimbwa kwa ruta nyuma ya fremu ya mbele, ili mwanga uangukie vyombo usichome macho. Rafu zikiwa za kioo, ukanda mmoja wa juu unatosha. Zikiwa za mbao, simamisha kanda mbili ubavuni. Ukanda ukae ndani ya mfereji wa alumini unaopoza joto, uliofungwa kwa skrubu, na ufuate nyuzi za mbao, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu.

Matundu ya waya yatobolewe kabla ya gundi, kingo zilainishwe, na ukanda ufungwe vanishi ikishakauka kabisa. Volti 240 zisiingie ndani ya kabati: adapta ikae juu au nyuma, penye hewa, na soketi yake ifungwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayodhibiti umeme Uganda.

Kabla kabati halijatoka karakana, mkabidhi mwenzako bisibisi moja, umwambie abadilishe ukanda na adapta. Akilazimika kushika nyundo au patasi, kazi bado haijaisha.